Debian haiwaki baada ya kubadilisha init: tafuta ilipokwama kabla ya kusakinisha upya

Umetoa systemd kwenye Debian 12, ukaweka sysvinit (zote mbili ni init, yaani programu ya kwanza inayoanzisha nyingine zote), ukawasha mashine upya, na sasa unakodolea macho skrini nyeusi au maandishi meupe yaliyoganda. Weka kando ile flashi ya kusakinisha upya. Faili zako ziko pale pale. Mara nyingi kinachokosekana ni kiungo kimoja, mstari mmoja wa usanidi au kifurushi kimoja. Kazi ni kujua mashine imekwamia wapi.

Linux huwaka kwa kupokezana kijiti. GRUB, programu ya kuwashia mashine, hupakia kerneli (kiini cha mfumo) pamoja na initramfs, ambayo ni mfumo mdogo wa muda unaokaa kwenye RAM. Hiyo initramfs hutafuta diski yenye mzizi wa mfumo, huifungua kama imefungwa kwa nywila, huipachika, kisha humkabidhi kijiti /sbin/init. Huyo ndiye anayekuwa mchakato namba 1, na programu nyingine zote za mtumiaji huzaliwa naye. Kwenye Debian yenye systemd, /sbin/init ni kiungo tu kinachoelekeza /lib/systemd/systemd, na kimeletwa na kifurushi kidogo kiitwacho systemd-sysv. Ukisakinisha sysvinit-core, apt (kisakinishi cha vifurushi) huondoa systemd-sysv na kuweka programu halisi mahali pa kile kiungo. Kifurushi cha systemd chenyewe kinaweza kubaki kwenye diski, isipokuwa umekiondoa mwenyewe au kimeondolewa na kifurushi kisichopatana nacho. Ndiyo maana ile orodha ya vitakavyoondolewa, ambayo apt huionyesha kabla ya kuuliza Y au n, husomwa neno kwa neno.

Kwanza, ione inavyosema

Debian huficha ujumbe wa kuwaka. Washa mashine na ubonyeze Esc (mashine za UEFI) au ushikilie Shift (BIOS za zamani) mpaka menyu ya GRUB itokee. Weka mshale kwenye mstari wa kwanza, bonyeza e, shuka hadi mstari unaoanza na neno linux, ufute maneno quiet na splash. Bonyeza Ctrl+X au F10. Mabadiliko haya ni ya mara hii moja tu, hayaandikwi popote, kwa hiyo jaribu bila woga.

Kama systemd bado ipo kwenye diski, njia fupi kuliko zote ni kurudi hapo hapo kwenye mstari wa linux na kuongeza mwishoni:

init=/lib/systemd/systemd

Mashine ikiwaka hivyo, umeshajua mambo mawili: kerneli, diski na initramfs ni nzima, na kasoro iko kwenye init mpya au skripti zake. Unaweza kurekebisha ukiwa ndani ya mfumo wako mwenyewe, intaneti ikiwa inafanya kazi. Kwa sababu hii usiondoe systemd kabisa mpaka sysvinit iwe imewaka vizuri walau mara mbili. Anayeandika apt purge systemd siku ile ile ya kuhama anavunja daraja akiwa bado yuko katikati.

Imekwama kwenye (initramfs)

Ukiona alama ya (initramfs) na juu yake ujumbe kama huu:

Target filesystem doesn't have requested /sbin/init.
No init found. Try passing init= bootarg.

usikimbilie kuilaumu sysvinit. Skripti ya initramfs ya Debian ikikosa /sbin/init hujaribu /etc/init, kisha /bin/init, na mwisho /bin/sh. Kila mfumo mzima una /bin/sh. Kwa hiyo ikifika mahali pa kusema haikupata chochote, maana yake imepachika kitu kisicho mzizi wako, au imepachika mzizi mtupu. Andika cat /proc/cmdline uone root= inaelekeza wapi, kisha blkid ulinganishe UUID (namba ya utambulisho ya diski). Kwenye Btrfs (aina ya mfumo wa faili) angalia pia kama rootflags=subvol=@rootfs imepotea; hilo ndilo jina ambalo kisakinishi cha Debian hulipa tawi la mzizi.

Kinyume chake, kama /sbin/init imepotea kweli, utaona mstari wa kwanza tu wa ule ujumbe, kisha alama ya # bila kuulizwa jina wala nywila. Hiyo ni /bin/sh imepewa namba 1. Hutokea pale apt ilipokatizwa katikati: systemd-sysv imeshaondolewa, sysvinit-core haijaingia. Hapo tiba ni kusakinisha upya sysvinit-core kwa njia ya flashi iliyoelezwa chini.

Wanaotumia diski iliyofungwa kwa LUKS (usimbaji wa diski) kwenye Arch na kuhamia Artix (Arch isiyo na systemd) wana balaa lao. Ikiwa /etc/mkinitcpio.conf ina hook (vipande vinavyoingizwa kwenye initramfs) za systemd na sd-encrypt, hizo hazifai tena. Weka udev badala ya systemd, encrypt badala ya sd-encrypt, na keymap na consolefont badala ya sd-vconsole. Hook ya encrypt haielewi kigezo cha rd.luks.name, kwa hiyo mstari wa kerneli nao lazima ubadilike uwe hivi:

cryptdevice=UUID=uuid-ya-diski:cryptroot root=/dev/mapper/cryptroot

Kisha mkinitcpio -P na grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg. Ukibadilisha hook ukasahau kigezo, mashine haitakuomba nywila ya diski hata kidogo. Itangoja kifaa ambacho hakuna aliyekifungua, kisha ikate tamaa.

Kerneli inapiga kelele: Attempted to kill init

Maana yake namba 1 ilianza, ikafa. Kerneli haiwezi kuishi bila namba 1, inasimama. Tazama exitcode mwishoni mwa mstari. 0x00007f00 ni msimbo 127, na kwa kawaida init imeshindwa kupata maktaba inayoihitaji. Mistari michache juu yake utakuta error while loading shared libraries pamoja na jina la maktaba yenyewe. 0x0000000b ni programu iliyoanguka kwa kugusa kumbukumbu isiyo yake, dalili ya faili lililoharibika. Ukiona 0x00000000 au 0x00000100 baada ya kuwaka kwa init=/bin/bash, ni wewe uliyeandika exit. Bash iliyo namba 1 haitokwi hivyo, soma chini.

Init imeanza lakini haijui la kufanya

sysvinit husoma /etc/inittab. Faili hilo lisipokuwepo, huuliza Enter runlevel: na hata ukiandika 2, hujibu INIT: no more processes left in this runlevel na kukaa kimya. Kifurushi cha sysvinit-core kina nakala safi, kwa hiyo:

cp /usr/share/sysvinit/inittab /etc/inittab

Mistari mitatu ya kuikagua ni hii:

id:2:initdefault:
si::sysinit:/etc/init.d/rcS
1:2345:respawn:/sbin/getty --noclear 38400 tty1

Wa kwanza huchagua ngazi ya kuwaka (runlevel). Ukikuta 0 au 6 hapo, mashine itajizima au kujiwasha upya bila kikomo. Wa pili huendesha skripti za mwanzo: kukagua diski, kuanzisha udev (inayosimamia vifaa), kuufanya mzizi uandikike. Ukipotea, mzizi unabaki wa kusomwa tu, na kila huduma inalalamika Read-only file system. Wa tatu ndio unaokupa mahali pa kuingilia. Bila mistari ya getty mashine inaweza kuwa nzima kabisa, hata ssh inafanya kazi, ila skrini haina pa kuandika jina.

Ujumbe wa INIT: Id "T0" respawning too fast: disabled for 5 minutes huwatisha watu bure. Init imejaribu kuanzisha getty kwenye kifaa kisichopo, mara nyingi ttyS0, imekufa, imeanzishwa tena, imekufa tena. Weka # mwanzoni mwa mstari unaoanza na T0, andika telinit q, basi. Ukiona ujumbe huo huo kwa Id "1" mpaka "6", hilo ndilo zito: /sbin/getty haipo. Kwenye Debian huletwa na util-linux.

Inittab ikiwa salama, tazama ls /etc/rcS.d na ls /etc/rc2.d. Hivi ni vyumba vya viungo vinavyoelekeza /etc/init.d, na S iliyo mbele ya jina ina maana ya kuanzisha. Kwenye rcS.d lazima uone walau mountkernfs.sh, udev, checkroot.sh, checkfs.sh na mountall.sh. Chumba kikiwa kitupu, sakinisha upya initscripts na sysv-rc. Kikikosa kimoja, andika update-rc.d udev defaults, ukiweka jina la kinachokosekana. Bila udev, kerneli hutengeneza majina ya vifaa lakini moduli nyingi hazipakiwi. Ndiyo maana wengine hufika kwenye login: na kibodi ya USB haiitiki.

Hapa kuna mtego ulioongezeka miaka ya karibuni. Debian ilifanya systemd kuwa chaguo lake la kawaida tangu toleo la 8 mwaka 2015, na polepole vifurushi kadhaa vimeacha kuja na skripti za /etc/init.d. Huduma inakuwa imesakinishwa, inafanya kazi chini ya systemd, lakini sysvinit haioni chochote cha kuanzisha na haitoi kosa lolote. Kuanzia Debian 12 kuna kifurushi cha orphan-sysvinit-scripts kilichokusanya skripti zilizotelekezwa. Kisakinishe mapema. Kabla ya kuhama, linganisha orodha hizi mbili:

systemctl list-unit-files --state=enabled
ls /etc/init.d

Chochote unachokitegemea kilichopo juu na hakipo chini, ndicho kitakachokosekana kesho asubuhi.

fstab: mistari iliyokuwa kimya sasa inasema

Chini ya systemd, diski iliyoandikwa kwenye /etc/fstab (orodha ya diski za kupachikwa) isipopatikana, mashine husubiri sekunde 90 kisha huingia hali ya dharura. sysvinit haina subira hiyo. Ikiwa namba ya mwisho ya mstari ni 2, checkfs.sh huita fsck, fsck haikioni kifaa, na unaangushwa kwenye ganda (shell) la matengenezo. Control-D huendelea na kuwaka. Tiba ya kudumu kwa diski ya nje ni kuweka nofail kwenye chaguo na 0 mwishoni:

UUID=uuid-ya-diski /data ext4 defaults,nofail 0 0

Vigezo vyote vinavyoanza na x-systemd hupuuzwa. Havileti kosa, ila noauto,x-systemd.automount hubaki noauto peke yake, na folda hiyo haitapachikwa kamwe mpaka uandike mount mwenyewe. Wenye /home kwenye mstari wa namna hiyo huingia na kukuta nyumba tupu, wakadhani data zimefutika.

Ganda la matengenezo linakataa kukufungulia

Cannot open access to console, the root account is locked. Wakati wa kusakinisha Debian, ukiacha nywila ya root tupu, akaunti ya root hufungwa na wewe hupewa sudo. Ni mpangilio mzuri mpaka siku mashine inapokwama. Kabla ya kuhama, sudo passwd root. Kama umeshakwama, rudi GRUB, mwishoni mwa mstari wa linux badilisha ro kuwa rw na uongeze init=/bin/bash. Utapata # moja kwa moja. Andika passwd, rekebisha kilichoharibika, kisha:

sync
mount -o remount,ro /
echo b > /proc/sysrq-trigger

Amri ya reboot ya kawaida haitafanya kazi hapo, kwa kuwa hakuna init ya kuizungumzia. Hitilafu hiyo ina ndugu yake: mara tu baada ya kusakinisha sysvinit-core, systemd bado ndiyo namba 1 kwenye RAM ilhali amri ya reboot ni ya sysvinit, na huenda zisielewane. Tumia systemctl reboot kama bado ipo. Ikishindikana, sync halafu reboot -f.

Kuingia kwa flashi

Pale init=/lib/systemd/systemd inaposhindwa kwa sababu systemd haipo tena, washa kwa flashi ya Debian inayowaka bila kusakinishwa (live), iwe ya toleo lile lile au jipya zaidi na ya usanifu ule ule wa CPU. Tambua diski kwa lsblk -f. Mfano huu unachukulia mzizi uko sda2 na EFI iko sda1:

mount /dev/sda2 /mnt
mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for d in dev dev/pts proc sys run; do mount --bind /$d /mnt/$d; done
chroot /mnt /bin/bash

Kama kuna LUKS, tangulia na cryptsetup open /dev/sda3 sda3_crypt, na jina hilo la pili lazima lilingane na lililo kwenye /etc/crypttab ya mfumo wako. Ukibuni jina jingine, update-initramfs haitaitambua diski, na itatengeneza initramfs isiyojua kuifungua. Kwa LVM ongeza vgchange -ay. Kwa Btrfs pachika kwa -o subvol=@rootfs.

Ndani ya chroot (yaani sasa uko ndani ya mfumo wa diski yako), jaribu apt update. Ikisema haiwezi kutafsiri majina ya seva, angalia ls -l /etc/resolv.conf. Waliokuwa na systemd-resolved watakuta kiungo kinachoelekea /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf, faili ambalo halipo. Kifute na uandike jipya:

rm /etc/resolv.conf
echo 'nameserver 9.9.9.9' > /etc/resolv.conf

Kasoro hii hii ndiyo huwafanya watu wadhani kadi ya mtandao imekufa baada ya kuhama. Ping ya 9.9.9.9 inakwenda, ya jina haiendi: ni resolv.conf, hakuna jingine.

Sasa zuia apt isianzishe huduma ndani ya chroot, kisha sakinisha:

printf '#!/bin/sh\nexit 101\n' > /usr/sbin/policy-rc.d
chmod +x /usr/sbin/policy-rc.d
dpkg --configure -a
apt install --reinstall sysvinit-core initscripts sysv-rc
apt install orphan-sysvinit-scripts rsyslog bootlogd
update-initramfs -u -k all
update-grub
rm /usr/sbin/policy-rc.d

Usisahau mstari wa mwisho. Ukibaki, huduma zitawaka mashine inapowaka lakini apt haitaweza kuzianzisha upya baada ya masasisho, na utajiuliza kwa wiki mbili kwa nini. rsyslog ni lazima kwa sababu Debian 12 haiisakinishi yenyewe, na journald ikiondoka hakuna anayeandika kumbukumbu (log) tena. bootlogd huandika maneno ya kuwaka kwenye /var/log/boot. Kumbukumbu za zamani za systemd zinasomeka bado kutoka kwenye flashi, nje ya chroot, kama zilikuwa zikihifadhiwa kwenye diski: journalctl -D /mnt/var/log/journal -n 200.

Kabla ya kutoka, readlink -f /sbin/init. Njia inayoishia na systemd ina maana kiungo cha zamani bado kipo. Inayoishia na init ni sawa.

Imewaka, lakini eneo-kazi ni bovu

Skrini ya kuingilia inatokea, unaandika nywila, inarudi pale pale. Au unaingia na vitufe vya kuzima vimefifia, sauti hakuna, flashi haipachikwi. Kinachokosekana ni logind, sehemu ya systemd iliyokuwa inagawa ruhusa za skrini, kibodi na sauti kwa aliyeketi mbele ya mashine. Mbadala wake ni elogind:

apt install libpam-elogind dbus-x11

Baada ya kuingia upya, loginctl ionyeshe kikao chako kwenye seat0, na echo $XDG_RUNTIME_DIR ijibu /run/user/1000 au namba yako. Sauti ni suala la pembeni: PipeWire ilikuwa inaanzishwa na systemd ya mtumiaji, sasa hakuna wa kuianzisha. Weka pipewire, wireplumber na pipewire-pulse kwenye programu za kujianzisha za eneo-kazi lako. XFCE, MATE na LXQt zinakubali mpangilio huu bila ugomvi. GNOME imeshikamana na systemd kiasi kwamba ukiipenda sana, ni afadhali ubaki na systemd.

Vitu viwili hufa kimya kimya bila kuzuia kuwaka. Saa: systemd-timesyncd ikiondoka, sakinisha chrony, la sivyo betri ya ubao ikiisha vyeti vya tovuti vitaanza kukataliwa. Na vipima muda: logrotate na certbot zina faili za cron zinazoamka zenyewe zikiona systemd haipo, mradi kifurushi cha cron kipo, lakini fstrim.timer haina. Mwenye SSD aandike skripti ya mistari miwili kwenye /etc/cron.weekly, #!/bin/sh na /sbin/fstrim -a, kisha aipe chmod +x.

OpenRC, kwa kifupi

OpenRC ni init nyingine. Kwenye Gentoo na Artix yenye OpenRC, rc-update show ndiyo badala ya kutazama rcS.d. Gentoo ikikosa udev, rc-update add udev sysinit na rc-update add udev-trigger sysinit. Weka rc_logger="YES" kwenye /etc/rc.conf upate /var/log/rc.log, na rc_interactive="YES" ili ukibonyeza I wakati wa kuwaka iulize huduma moja moja.

Kuifunga au kurudi

Mashine ikiwaka, hakikisha: ps -p 1 -o comm= ijibu init. Ili sasisho la baadaye lisikurudishie systemd-sysv kinyemela, andika haya kwenye /etc/apt/preferences.d/init:

Package: systemd-sysv
Pin: release o=Debian
Pin-Priority: -1

Na ukiamua safari haikukufaa, futa faili hilo kwanza, kisha apt install systemd-sysv libpam-systemd dbus-user-session. Usikubali mpaka uwe umeona systemd-sysv kwenye orodha ya vinavyoingia.